Simu Iliyotetemeka Mezani: Kisa cha Mkulima wa Zabibu Aliyeambiwa Hana Ugonjwa

## Kwa nini nakiandika

Kisa hiki ni kwa ajili ya matabibu na wauguzi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, na kwa mtu yeyote aliyewahi kuambiwa "huna ugonjwa" huku moyo unamdunda kama unataka kutoka kifuani. Mgonjwa ameridhia kiandikwe. Nilimsomea chote, akaniomba nifute mambo mawili, nikayafuta. Jina lake, kijiji chake na majina ya vituo alivyopitia hayamo, na baadhi ya siku nimezisogeza.

Ninalotaka kulionyesha ni moja. Mwili wa mtu huyu ulikuwa unafanya kazi yake sawasawa, na vipimo vingi alivyofanyiwa vilisema kweli. Tatizo ni kwamba sisi watoa huduma tulipima bila kuuliza mwili umeamshwa na nini, na umeamshwa saa ngapi.

## Mgonjwa na mazingira yake

Ni mwanaume wa miaka 46, ana mke na watoto wanne, analima zabibu ekari moja na nusu nje kidogo ya jiji la Dodoma. Baba yake alikuwa na presha na alifariki kwa kiharusi. Yeye mwenyewe alikuwa na pumu utotoni, na hadi leo msimu wa vumbi kifua humbana. Havuti sigara. Pombe hanywi.

Kwa msomaji asiyeijua Dodoma: huku mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja mvua zikielekea ukingoni na mara nyingine kiangazi, Agosti na Septemba. Mavuno ya masika ndiyo yenye roho mkononi. Mvua ikikaza matunda yanapoiva, ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu, huingia shambani, matunda hupasuka, sukari hushuka. Mnunuzi anakuja na kifaa chake kidogo cha kupimia sukari, anakamua tone moja juu ya kioo, anakiinua usawa wa jicho kuelekea mwanga. Mwaka ule aliangalia, akakirudisha kifaa mfukoni, akawasha pikipiki.

Miezi mitano kabla ya hapo mgonjwa alikuwa amekopa shilingi 1,200,000 kwa ajili ya salfa, nguzo na vibarua. Ulikuwa mkopo wa aina ile watu wanayoiita kausha damu: marejesho kila wiki, riba ya juu, na anayechelewa hupigiwa simu mchana na usiku, kisha hufuatwa nyumbani. Alipokosa marejesho ya wiki tatu mfululizo walikuja wakabeba cherehani ya mke wake. Mambo haya yote niliyajua baadaye. Siku anaingia chumbani kwangu nilijua tu kwamba ana "presha, sukari inanyemelea, taifodi sugu na vidonda vya tumbo", kama daftari lake lilivyoandikwa.

## Mlolongo wa matukio

Alianza kwa kuamka saa tisa usiku. Kila siku saa ile ile, macho makavu, moyo unakimbia, shati limelowa jasho. Wiki ya kwanza alikwenda zahanati akidhani ni malaria. Kipimo cha haraka hakikuonyesha malaria. Akapimwa Widal, kipimo cha damu cha taifodi, ikasemekana ana taifodi, akapewa dawa za kuua vijidudu za siku saba. Hakuwa na homa. Mahali ambapo taifodi ipo miaka yote, kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kusema mtu ana taifodi, na jambo hili tunalijua, lakini tunaendelea kulifanya kwa sababu mgonjwa amesafiri na anataka kurudi na kitu mkononi. Wiki mbili baadaye akapewa dozi ya pili.

Tumbo likafunga. Mke wake anasema alikuwa anakata tonge mbili za ugali kwa mlenda, anasogeza sahani. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo.

Wiki ya nne akapimwa presha mahali pengine: 168/104. Ilipimwa mara moja, akiwa ametoka kutembea kilomita nne juani, na njiani simu ilikuwa imelia mara mbili. Siku hiyo hiyo sukari ya kidoleni ilisoma 10.4, naye alikuwa hajalala usiku kucha. Akaanzishiwa amlodipini, dawa ya kushusha presha, miligramu 5. Alimeza siku sita, fedha zikaisha, akaacha.

Wiki ya tano alianguka. Ilikuwa kwenye mkutano wa kijiji, chini ya mti. Pikipiki ya wakopeshaji ilisimama ng'ambo ya barabara, yeye akaanza kuhema haraka haraka, midomo ikafa ganzi, vidole vya mikono yote miwili vikakakamaa na kujikunja kuelekea ndani. Mmoja akasema kifafa, mwingine akasema amerogwa. Mtu mwingine, kwa nia njema kabisa, akataka kumfunika kichwa kwa mfuko. Akakimbizwa hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha moyo wenye mpangilio wa kawaida unaokwenda 118 kwa dakika. Oksijeni asilimia 99, damu ya kutosha, homoni ya tezi ya shingo sawa. Akaambiwa: "Baba, huna ugonjwa. Ni mawazo tu. Nenda nyumbani kapumzike."

Aliniambia maneno hayo yalimuumiza kuliko kuanguka kwenyewe. Nyumbani ndiko simu ilikokuwa inamkuta.

Akiwa njiani kurudi alipita duka la dawa akauziwa diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, bila cheti. Alilala usiku mbili, wa tatu akaamka tena saa tisa.

## Dakika arobaini chumbani

Alikuja kwetu wiki ya sita, na mke wake. Tuliamkiana, mimi ni mdogo kwake kwa miaka kumi na tano. Akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri basi. Akaweka daftari mezani, na juu ya daftari akaweka simu ndogo ya vitufe, kioo kikitazama juu.

Nilimvalisha kidoleni oksimita, kifaa kinachosoma oksijeni na mapigo ya moyo, kwa sababu alisema anakosa pumzi, kisha nikainama kuandika. Namba ya mapigo ilikuwa 86.

Simu ikatetemeka. Ilikuwa imezimwa mlio, kwa hiyo ilizunguka juu ya daftari kama mende aliyepinduliwa. Kwenye kioo jina lililohifadhiwa lilikuwa USIPOKEE. Niliinua macho, na bahati nzuri yakatua kwenye oksimita badala ya usoni kwake. 91. 108. 117. 124. Yeye mwenyewe hakutikisika hata kope. Mikono ilikuwa juu ya magoti, uso umetulia kama wa mzee kanisani, ila juu ya mdomo palikuwa na matone madogo ya jasho ambayo dakika moja nyuma hayakuwepo. Nikachukua presha papo hapo: 158/98.

Simu ilinyamaza. Namba ilichukua zaidi ya dakika sita kurudi chini ya 95.

"Nani huyo, baba?"

"Mtu tu."

Mke wake akatazama dirishani. Mimi nikamgeuzia oksimita aione, nikamwambia ilikuwa 86 kabla ya simu na 124 wakati wa simu. Alikitazama kidole chake kwa muda mrefu. Kisha akasema sentensi ambayo nimeibeba tangu siku ile: "Daktari, mimi siogopi mtu. Ni moyo ndio unaogopa."

Hapo ndipo habari ya mkopo, cherehani na pikipiki ilipotoka, nusu kwa mdomo wake na nusu kwa mdomo wa mkewe. Nilipopima presha tena, baada ya robo saa ya kukaa kimya, simu ikiwa nje kwa muuguzi, ilikuwa 134/84.

## Kilichokuwa kikitokea mwilini

Mwili una njia mbili za kuitikia hatari, moja ya haraka na moja ya polepole, na kisa hiki hakieleweki bila kuzitenganisha.

Ya haraka ni ya mishipa ya fahamu. Sehemu za ndani za ubongo zinazopima hatari, ikiwemo ile iitwayo amigdala, hupeleka taarifa kwenye haipothalamasi, na kutoka hapo amri hushuka kupitia shina la ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye neva za mfumo wa simpathetiki. Neva hizo hufika kwenye moyo na kumwaga noradrenalini. Nyingine hufika moja kwa moja kwenye kiini cha tezi za adrenali, tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, kila moja ikiwa na uzito wa gramu nne au tano tu, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Haya yote ni suala la sekunde. Moyo hukimbia, mishipa ya damu ya ngozi na ya tumbo hubana, ile ya misuli mikubwa hupanuka, ini huachia sukari, jasho hutoka. Ndiyo safari ya 86 hadi 124. Mtu hana haja ya kuamua kuogopa. Amri imeshatoka kabla hajamaliza kusoma jina kwenye kioo.

Tonge mbili za ugali nazo zina maelezo hapa. Mwishoni mwa karne ya 19, mtafiti Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikuwa akitazama matumbo ya paka kwa eksirei, akaona tumbo linasimama kusaga kila paka alipohangaika. Mwili unaojiandaa kupigana au kukimbia hauna muda wa kusaga chakula. Mgonjwa wetu alikuwa na tumbo lililosimamishwa kazi kila baada ya saa chache.

Njia ya polepole ni ya homoni. Haipothalamasi hutuma homoni yake kwa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, pituitari hutuma nyingine kwenye damu, na hiyo ikifika kwenye ganda la nje la tezi za adrenali hutoa kortisoli. Hatua hizi huchukua dakika, siyo sekunde. Kilele cha kortisoli huja kama dakika ishirini hadi thelathini baada ya kishindo kuanza, wakati adrenalini ya mwanzo imeshapungua, na kortisoli hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Kazi yake ni kuhakikisha mafuta ya taa hayaishi: huamuru ini litengeneze sukari mpya, hata kwa kutumia protini ya misuli, hupunguza nguvu ya insulini, na huufanya moyo na mishipa ya damu iitikie adrenalini vizuri zaidi. Anayetaka kujua kortisoli ikizidi inafanya nini awatazame wagonjwa waliomeza prednisoloni muda mrefu, maana dawa hiyo ni ya ukoo huo huo: sukari hupanda, presha hupanda, usingizi huruka, kinga hushuka.

Kwa hiyo ile 10.4 ilikuwa kweli. Sukari ilikuwemo kwenye damu. Nilipomweleza, mgonjwa alisema bila kucheka: "Zabibu zangu zimekosa sukari, mimi nimezidisha."

Na saa tisa usiku? Kortisoli ina ratiba yake hata kwa mtu mwenye amani. Huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, huanza kupanda kuelekea alfajiri, na hufikia kilele asubuhi muda mfupi baada ya kuamka. Mtu ambaye mfumo wake wa tahadhari umewashwa mchana kutwa huingia kwenye mteremko huo wa usiku akiwa na usingizi mwepesi, na kupanda kidogo tu kunatosha kumwamsha. Akishaamka, wazo la kwanza linalomsubiri ni deni, na njia ya haraka inawaka tena juu ya ile ya polepole.

Kuanguka chini ya mti kulikuwa na kemia yake pia. Mtu akihema haraka anatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Damu huelekea kwenye alikali, kalsiamu iliyo huru kwenye damu hupungua, neva zinazoongoza misuli husisimka kupita kiasi. Matokeo ni ganzi midomoni na vidole vinavyokakamaa. Hakuna aliyemroga, na hakuwa anaigiza.

Mfumo huu una breki. Kortisoli ikifika ubongoni hupunguza amri iliyoitoa yenyewe, na neva ya vagasi huushusha moyo. Breki hiyo inahitaji muda wa utulivu kati ya kishindo kimoja na kingine. Yeye alikuwa anapigiwa mara tano hadi tisa kwa siku, saa zisizojulikana.

Nilimweleza kwa mfano wa shamba la uwele, kwa kuwa amekulia humo. Ndege wanapotua, mwenye kuamia hupiga debe, wanaruka, anarudi kivulini. Sasa mweke mtu huyo mahali ambapo kila jani linalotikisika analisikia kama ndege. Atapiga debe kutwa, hatakula, hatalala, na mikono yake itauma, ingawa mikono yenyewe haina ugonjwa wowote. Akaniuliza: "Sasa ndege mnawaondoa ninyi?" Swali zuri sana, na nitalirudia.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutomrudishia amlodipini siku ile. Presha haithibitishwi kwa kipimo kimoja, isipokuwa ikiwa juu sana au kuna dalili kwamba viungo vimeshaumia, na yeye hakuwa na hali hiyo. Lakini baba yake alikufa kwa kiharusi, kwa hiyo kusema "ni mawazo" na kufunga daftari kungekuwa uzembe. Tulikubaliana mhudumu wa afya ngazi ya jamii amfuate nyumbani na mashine, asubuhi na jioni kwa siku saba, akiwa amekaa dakika tano, mgongo umeegemea, simu iko chumba kingine. Siku ya kwanza haihesabiwi. Sukari ipimwe asubuhi kabla hajala kitu.

Nilifikiria propranololi, maana ipo na ni rahisi, na ingeshusha mapigo yale mara moja. Niliiacha kwa sababu ya pumu. Dawa inayofunga milango ya adrenalini kwenye moyo yaweza kuifunga na ile ya kwenye njia za hewa, na mwenye pumu huzihitaji wazi. Hili swali la utotoni, "uliwahi kubanwa kifua?", halikuwa limeandikwa popote kwenye daftari lake.

Diazepamu tuliisimamisha. Alikuwa amemeza vidonge vichache tu, hivyo hakukuwa na hatari ya kuacha ghafla. Angekuwa ameitumia wiki kadhaa, ningeipunguza taratibu.

Aliomba kupimwa "hiyo homoni yenyewe". Nilimweleza kwamba kortisoli moja ya mchana hubadilika kwa saa na kwa tukio, kwamba ingemgharimu nauli na fedha ya kipimo, na kwamba isingebadilisha ninachokwenda kufanya. Pia tulizungumza waziwazi kuhusu uvimbe wa nadra wa tezi za adrenali ambao humwaga adrenalini kwa mafungu na kuleta maumivu ya kichwa, jasho na moyo kukimbia. Mashambulio yake yalikuwa na kichochezi kinachoonekana karibu kila mara. Tukakubaliana: likitokea shambulio bila simu, bila pikipiki, bila wazo la deni, na kichwa kinagonga, anakuja siku hiyo hiyo na ninamwandikia rufaa.

Tulifanya zoezi la pumzi pale pale kidole kikiwa kwenye oksimita. Kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita, kama pumzi sita kwa dakika. Tunapotoa pumzi vagasi hukaza breki na moyo hupungua kidogo, tunapovuta, hulegeza. Kurefusha kutoa ni kukaza breki kwa muda mrefu zaidi. Aliona namba ikishuka kutoka 98 hadi 84 kwa dakika nne, na nadhani kuiona kwa macho yake kulimfaa kuliko maneno yangu yote.

Kisha nikafanya kosa. Nilisema: "Nitakuandikia rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili." Akakunja daftari. "Kwa hiyo Mirembe." Nilijaribu kueleza kwamba mtaalamu huyo anakuja kwenye hospitali ya wilaya, na kwamba Mirembe yenyewe, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Dodoma, inatibu na kurudisha watu majumbani. Alikuwa ameshasimama. Hatukumwona kwa wiki tatu.

## Matokeo

Aliyemrudisha ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama wa kijiji hicho hicho, aliyekwenda na mashine kama tulivyopanga na hakutaja rufaa hata mara moja. Alipima, akaandika, akaaga. Baada ya siku saba wastani ulikuwa 127/81. Sukari ya asubuhi 5.3. Mgonjwa alikuja mwenyewe kuuliza namba hizo zina maana gani.

Swali lake la ndege lilijibiwa nje ya kituo cha afya. Mke wake ndiye aliyekwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akawaita wakopeshaji, shemeji wa mgonjwa akalipa sehemu, salio likapangwa kulipwa mara moja kwa mwezi, siku inayojulikana, na simu za usiku zikakoma. Zabibu zilizobaki walizianika zikauzwa kavu, kwa bei ndogo. Cherehani ilirudi katika mwezi wa tatu tangu alipokuja kwetu.

Kufikia mwezi wa pili tangu alipokuja kwetu alikuwa analala hadi saa kumi na moja alfajiri siku nyingi. Uzito uliopotea ulikuwa kilo sita, tatu zimerudi. Hakuanguka tena. Mtaalamu wa afya ya akili alimwona mara mbili, safari hii kwa ombi lake mwenyewe, baada ya mke kumwambia kwamba hata yeye hajalala tangu Machi.

## Nini kilifaa, nini kilituangusha

Nikiulizwa ni kipi kilimponya, ratiba ya marejesho naiweka mbele ya pumzi. Deni halikupungua sana ile wiki mtendaji alipokaa nao. Kilichobadilika ni kwamba lilipata siku yake. Mwili huvumilia jambo zito lenye siku inayojulikana kuliko jambo jepesi linaloweza kuja wakati wowote, kwa sababu kati ya siku moja na nyingine breki zinapata nafasi. Zoezi la pumzi lilimsaidia kwenye dakika zile mbaya, na alilitumia kweli, lakini kumfundisha mtu kupumua huku simu tisa kwa siku zinaendelea ni kumpa ndoo asombe maji ya bomba lililopasuka. Siwezi kutenganisha kwa hakika mchango wa kila kimoja, maana vilikuja kwa wakati mmoja.

Oksimita ilifaa kwa namna ambayo sikuipanga. Mpaka siku ile alikuwa na machaguo mawili tu, ama ana ugonjwa uliofichika ama yeye ni mwoga. Namba ile ilimpa la tatu. Sasa nawaacha wagonjwa wa mapigo ya moyo wakae na oksimita wakati wa mazungumzo, nami nauliza mambo ya kawaida: shamba, watoto, kazi, fedha. Mara nyingi namba hupanda mahali fulani, na pale ndipo ninapouliza tena, taratibu.

Lililotuangusha zaidi, na hapa najihesabu pamoja na wenzangu wote waliomwona kabla yangu, ni kwamba katika ziara tano hakuna aliyeandika mgonjwa alikuwa anafanya nini nusu saa kabla ya kupimwa. Presha ya 168/104 bila habari ya kilomita nne na simu mbili ni nusu ya kipimo. Na gharama ya kutouliza aliilipa yeye: dozi mbili za taifodi, dawa za tumbo, amlodipini, nauli. Mke wake alijumlisha kwenye daftari, ikazidi shilingi laki moja na nusu, karibu marejesho ya wiki mbili. Tulikuwa tunaongeza deni lililokuwa linamuumiza.

Neno "mawazo tu" liondoke vinywani mwetu. Hilo "tu" ndilo lenye sumu. Mtu aliyeambiwa hivyo anaelewa kwamba hasadikiwi, na anakwenda kutafuta wa kumsadiki kwenye duka la dawa au kwa mganga. Kumwambia "mwili wako unaitikia hatari, na hivi ndivyo unavyofanya" kunachukua dakika nne zaidi.

Rufaa yangu ilikuwa sahihi, maneno yake yalikuwa mabaya. Nilitakiwa kuuliza kwanza neno hilo lina maana gani kwake. Pia sikumgeukia mke hata mara moja kumuuliza hali yake, ilhali alikuwa amekaa nusu mita kutoka kwangu, na cherehani ilikuwa yake.

Presha bado tunaifuatilia kila baada ya miezi mitatu, kwa ajili ya urithi wa baba yake. Alipokuja mara ya mwisho alivaa oksimita mwenyewe, akaweka simu mezani, kioo juu. Ililia tukiwa katikati ya maongezi. Alikuwa mtoto wake wa pili akiuliza ufunguo uko wapi. Namba ilitoka 79 ikafika 97 kabla hajaona jina, na ilirudi 82 kabla hajamaliza kumwambia uko juu ya kabati.

Salfa ya msimu huu ameilipia kwa kuuza mbuzi wawili.